Umeya Haupandi Ndege

Nimestaafu, lakini mdomo wangu haujapata habari. Asubuhi naosha vyombo jikoni kwangu hapa Kensington, Johannesburg, redio inasoma taarifa kwa Kiingereza, nami najikuta nainong'ona kwa Kireno, sentensi moja nyuma ya msomaji, utadhani kuna bwana mkubwa ameketi karibu na sinki ananisubiri. Binti yangu huniuliza naongea na nani. Huniuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu, kukisema anaona taabu. Namjibu kwamba naongea na meya. Anatikisa kichwa, anachukua funguo zake, anakwenda kazini.

Vijana wa ofisini, siku ile ya keki ya kuniaga mliniomba niwaandikie mbinu za kazi. Mbinu zenyewe ni chache na nyingine mnazijua kuliko mimi, hasa zile za mitambo ya kuvaa masikioni. Basi nitawaandikia yaliyonipata. Nimewatafsiria madaktari, wachungaji, makocha wa mpira na mtu mmoja aliyeuza mashine za kukamua miwa, lakini sehemu kubwa ya miaka yangu niliimaliza nyuma ya mabega ya mameya. Walitoka Amerika ya Kusini, na waliorudi mara kwa mara walitoka mji mmoja wa bandari kule Brazili. Jina lake silitaji, kwa sababu watu wake wako hai na wanapenda sana kusema.

Kireno nilikipata kwa baba. Alikuwa karani kwenye shamba la mkonge la Wareno kabla hajavuka mto Ruvuma na kuhamia Mtwara, nilikozaliwa mimi. Nilipofika Johannesburg, kazi ya kwanza niliyopata ni kuhudumia meza katika mkahawa wa samaki pale Troyeville, mali ya mzee mmoja wa Madeira. Mzee Abílio alikuwa akija kula hapo. Alikuwa Mwangola, mwembamba, mkalimani wa siku nyingi, na siku zote alivaa suti ile ile ya kijivu. Siku moja alinisikia nikigombana na mteja kwa Kireno, nikamgeukia mwenzake kwa Kiingereza, kisha nikaenda kummalizia hasira mpishi wetu Mkongomani kwa Kiswahili. Mzee akafuta mdomo akaniambia, "Binti, unagombana vizuri kwa lugha tatu. Njoo nikufundishe kunyamaza kwa hizo hizo."

Alinifundisha kwa namna ya kunichosha. Alinisomea gazeti mpaka koo likamkauka, nami nikalirudia kwa lugha nyingine bila kuongeza hata pumzi. Alinizuia kutumia kalamu ya wino, kwa sababu wino hukauka mgeni anapofika kwenye tarakimu, akanipa penseli zilizochongwa pande zote mbili. Alinifundisha kuketi nyuma kidogo ya bega la kushoto, na kula kabla ya kwenda kwenye karamu. Kubwa kuliko yote, alinifundisha kusema "mimi." Meya akisema amefurahi, husemi "anasema amefurahi." Unasema "nimefurahi," na unafurahi. Mkalimani anayesema "anasema, anasema" ni mbea tu aliyevaa koti, ndivyo alivyoniambia.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Kosa hilo kila mwanamke wa kazi hii hulifanya mara moja. Meya tuliyempokea aliitwa Osvaldo, mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuuzia ng'ombe. Karamuni nilisimama nyuma yake huku nyama ya kondoo ikinipita puani, miguu inawaka moto, naye hachoki kusimulia. Mwenyeji wake alikuwa amevaa mkufu wa umeya, ule mkubwa wa dhahabu unaolala mabegani. Osvaldo akaukodolea macho, akanigeukia, "Muulize kama ni mzito." Nikauliza, nikiomba ardhi inimeze. Mwenyeji akacheka, akasema ni mzito, ila mabega huzoea.

Kwenye gari Osvaldo alinieleza jambo ambalo sikulijua, nalo ndilo kiini cha maandishi haya. Kwao hakuna mkufu. Na kwa sheria ya mji wao, meya akitoka nje ya nchi, umeya haumfuati. Unabaki nyumbani kwa makamu wake, na kila anachokiamuru makamu siku hizo ni amri halali, mpaka mwenyewe atakapoikanyaga tena ardhi ya nchi yake. Hata mikataba waliyoisaini hapa mbele ya kamera ilikuwa ni ya picha. Walikwenda kuisaini upya kwao, kimyakimya. "Hapa mimi ni mtalii mwenye tai," alisema. "Ukinisukuma leo, umemsukuma raia tu. Kesho kutwa nikishuka kwenye ndege, ukinisukuma utakamatwa." Akacheka mpaka dereva akageuka kutuangalia.

Nilicheka naye. Yeye alikuwa na makamu aliyekuwa rafiki yake wa utotoni, mtu aliyepokea kiti na kukaa juu yake bila kugusa kitu, kisha akakirudisha. Baada ya Osvaldo akaja mwingine, kijana mhandisi aliyeongea harakaharaka na kutaka kuona mabomba ya maji taka kila tulipokwenda. Nilijifunza majina ya valvu ambazo nyumbani kwangu sizijui. Naye aliondoka, akarudi kwao, akawa meya tena. Nikaizoea ile sheria kama kichekesho cha mameya.

Msidhani lakini kwamba nilikuwa na utulivu. Kazi hii haina utulivu, na atakayewaambia anao, mchunguzeni. Unafika nyumbani, unavua viatu, ndipo neno ulilolikosa saa nne asubuhi linakujia wakati unakatakata vitunguu. Unasimama na kisu mkononi unalisema kwa sauti. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniambia nimeolewa na watu wawili: yeye, na yeyote niliyemtafsiria siku hiyo. Sikuwahi kumbishia.

Kisha akaja Dona Célia. Uwanja wa ndege nilikuwa nimesimama na kibao chenye jina lake, namtafuta mtu mwenye msafara, na mwanamke mfupi mwenye nywele za mvi anayeburuta sanduku lake mwenyewe akaja akanigusa mkono. "Ni mimi," akasema. Hakutaka kupumzika hotelini. Alitaka kuona watu wanauzia wapi. Mama yake alikuwa ameuza mikate ya muhogo kwenye soko la gati la zamani la mji ule, na yeye alilelewa chini ya meza. Wachuuzi wa gatini ndio waliomchagua, naye aliwaahidi kwamba muda wote atakaokuwa kwenye kiti, soko lile halitaguswa.

Makamu wake si yeye aliyemchagua. Alipewa na chama walichoungana nacho, kama mtu anavyopewa shemeji. Yule bwana alitaka soko livunjwe ili mahali pale pawe maegesho ya magari ya watalii. Walikuwa wamelumbana juu ya hilo tangu siku ya kuapishwa. Haya yote Dona Célia alinisimulia njiani, kwa utaratibu, akiangalia wauza machungwa kwenye robot, zile taa za barabarani.

Siku ya tatu ya ziara ilikuwa Ijumaa. Ratiba ilitupeleka Hillbrow, kwenye ukumbi ulioazimwa na kanisa moja la Wakongomani, akutane na wachuuzi wa mitaa ile. Mratibu wa ziara, Bi Thandeka, alikuwa amepanga kila kitu kwa Kiingereza, lakini wachuuzi wengi waliokuja walikuwa Watanzania na Wakongomani, na walisema wazi kwamba mambo ya meza zao watayaeleza vizuri kwa Kiswahili. Hivyo nilikuwa na furaha sana siku ile. Kwa miaka yote nilikuwa nimepita kati ya Kireno na Kiingereza, lugha mbili za watu wengine. Sasa nilikuwa nakwenda kumtafsiria meya kwa lugha niliyonyonyea.

Tulikuwa tumesimama kwenye foleni ya magari, hatujafika, simu yake ilipolia. Aliyepiga alikuwa mkuu wa ofisi yake, na Dona Célia aliweka simu kwenye spika kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa unatafuta miwani. Nilisikia yote. Makamu ametia saini amri. Jumapili asubuhi malori yatakwenda gatini kubomoa meza, siku ambayo wachuuzi wengi wako kanisani.

"Futa hiyo amri," Dona Célia alisema.

"Siwezi, Dona Célia. Na wewe huwezi. Mpaka urudi, saini ni yake."

"Narudi Jumatano."

"Jumatano hakutakuwa na soko."

Alikata simu akabaki ameishika. Mkalimani hufundishwa kusahau anayoyasikia garini, na mimi nilijitahidi kuangalia nje, nikaona duka la kunyoa, nikaona mwanamke anauza soksi, nikaona kila kitu kinauzwa. Dona Célia akasema, "Rehema, hukusikia kitu." Nikamjibu kwamba sikusikia kitu.

Ukumbini palikuwa pamejaa. Ngoma za kwaya zilikuwa bado jukwaani, zimefunikwa shuka. Aliyetukaribisha alikuwa Shabani, mwenyekiti wa wachuuzi, mtu wa Tanga, mwenye kofia ya kufumwa na maneno matamu. Dona Célia akasimama na hotuba yake iliyochapwa vizuri, akaanza kueleza jinsi mji wake unavyoketi meza moja na wachuuzi. Nilitafsiri. Nilisema "kwetu mchuuzi hahamishwi bila kuulizwa," na ulimi wangu ulikuwa mzito, kwa sababu nilikuwa nimesikia simu ambayo sikuisikia. Sauti yake nayo ilikuwa inapungua. Alifika katikati ya ukurasa akakubali maswali.

Aliyesimama wa kwanza alikuwa Mama Furaha, mtu wa Bukavu, anayeuza nywele za kusukia na mawigi. Alijifunga kitenge vizuri kwanza.

"Mama meya, karibu sana. Miye nauzisha nywele, niko na swali moya tu. Wee uko huku pamoja na shiye. Kule kwako, kiti uliachia nani? Juu shiye huku, président yetu akienda tu Musina ku mupaka kutafuta mali, adjoint yake anabadilisha meza za batu. Ukirudia asubuhi unakuta meza yako iko pembeni ya choo."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Shabani akajifunika uso kwa kofia. "Eish, Mama Furaha! Unaniumbua mbele ya wageni?"

"Nakuumbua wapi? Ulienda, hukuenda?"

"Nilikwenda."

"Meza yangu ilikuwa wapi?"

"Basi, mama, yaishe."

Nilimtafsiria Dona Célia swali lote, choo na vyote. Hakujibu. Vijana, mtu unayemtafsiria akinyamaza, msijaze. Kunyamaza kwake ni kwake. Nilisimama na penseli yangu, nikasikia friji ya kanisa inavyonguruma huko nyuma, na nilikuwa nikimwomba Mungu asiseme uongo, maana uongo wake ungebidi utoke kwa mdomo wangu, kwa Kiswahili changu, mbele ya watu wangu.

Akaikunja hotuba. Akasema, nami nikasema naye: "Nimemwachia mtu anayetaka kulivunja soko. Nimepata habari njiani nikija kwenu. Jumapili atapeleka malori. Ningependa kuwaambia kwamba nitamzuia, lakini sheria yetu ni hii: meya akiwa nje ya nchi, umeya hanao. Hapa mlipo mnaniita meya, na nawashukuru. Sasa hivi mimi si meya. Mimi ni mtoto wa mama aliyeuza mikate ya muhogo pale, na sina uwezo wa kusimamisha hata lori moja."

Hakuna aliyecheka. Shabani alivaa kofia yake polepole. "Sasa mheshimiwa," akasema, "samahani, si kwa ubaya. Kwa nini bado umekaa na sisi?"

Nikatafsiri. Dona Célia akasema ndege ya moja kwa moja haipo mpaka Jumatatu, ofisi yake imeshauliza. Hapo ndipo mkutano ulipokufa na kitu kingine kikaanza. Kila mtu alitoa simu. Mdogo wake Mama Furaha alikuwa na kawaida ya kwenda São Paulo kuchukua jinzi na blauzi za kuuza, na yeye hupitia Luanda. Dona Célia, katikati ya taabu yake yote, akauliza kama huyo ndugu ndiye anayeleta nywele, maana kila bango la mtaani alilopita limeandikwa nywele za Brazili.

"Hapana, mama," Mama Furaha akamjibu kwa upole. "Nywele ya Brazil inatoka Chine."

Nilipomtafsiria, Dona Célia alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yale machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha. Mama Furaha akampa kitambaa.

Nafasi ilipatikana. Kupitia Luanda, Jumamosi, kufika São Paulo Jumapili alfajiri kwa saa za kule, karibu mchana kwa saa zetu. Jumapili ile ile, yaani. Kama ndege haitachelewa, na kama malori hayatawahi.

Bi Thandeka alinivuta pembeni. Alikuwa mwanamke mwema na aliyechoka, na Jumamosi hiyo hiyo alikuwa na sherehe ya kutia saini ushirikiano wa miji miwili, wageni wamealikwa, chakula kimeagizwa. "Mwambie akiondoka sasa, sijui kama mwaliko mwingine utatoka," aliniambia. "Mwambie vizuri, wewe anakusikiliza." Moyo wangu ulitaka niyaharibu maneno yale. Ulitaka niyaseme kwa ukavu ili mgeni akasirike na aondoke haraka. Niliyasema kwa upole ule ule aliotumia yeye, neno kwa neno, nikachukia kila moja lilipokuwa linatoka.

Dona Célia akamjibu, "Mwambie namshukuru. Lakini kesho anahitaji saini ya meya, na mimi sina. Iko Brazili, kwenye mkono wa mtu mwingine, na ndiyo hiyo ninayokwenda kuichukua." Bi Thandeka akaenda kupiga simu kwa mpishi. Baadaye niliambiwa chakula kile kilipelekwa kwenye nyumba ya wazee, na wazee walikisifu sana.

Jumamosi nilimsindikiza Dona Célia uwanja wa ndege, ingawa kwa ratiba kazi yangu ilikuwa imekwisha. Kijana wa mapokezi aliona jina na cheo chake kwenye karatasi, akataka kumpeleka chumba cha waheshimiwa. Dona Célia akaniambia nimwambie kwamba cheo hicho hakifanyi kazi mpaka kesho, na akaenda kupanga foleni na watu. Kabla hajaingia ndani alinikumbatia. Mameya hawanikumbatii. Mzee Abílio hakunifundisha mikono yangu niiweke wapi, nikaiweka mgongoni kwake.

Usiku ule mpaka asubuhi sijui nilivyoupitisha. Nilifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Niliswali, nikasahau rakaa, nikaanza upya. Binti yangu aliniuliza kama naumwa. Ningemwelezaje? Kuna soko lenye meza za watu nisiowajua, katika mji ambao sijaukanyaga, na mtu pekee anayeweza kuliokoa yuko angani, na angani yeye si kitu. Nilitaka ndege ile iende mbio kuliko ndege zinavyokwenda. Nilikuwa na hasira na Luanda kwa kuwa katikati.

Jumapili mchana nilikwenda Hillbrow bila kualikwa. Nilidhani nitamkuta Mama Furaha peke yake. Ibada ilikuwa imekwisha, lakini nusu ya watu wa Ijumaa walikuwa wameketi palepale, baadhi na watoto wao, wanakula vitumbua. Shabani alikuwa amesimama mlangoni. Alisema kwenye viti vya kanisa haketi, wasije wakampa kapu la sadaka alizungushe.

"Dada Rehema, wenzetu vipi?" akauliza kabla ya salamu. Wenzetu. Wachuuzi wa bara lingine, wasiojua hata kama Hillbrow ipo.

Nikamwambia bado kimya. Tuliketi. Watu wakaanza kubishana kama ndege za Luanda huchelewa, na kila mmoja alikuwa na kisa.

Simu ikatetemeka mapajani mwangu. Ujumbe wa sauti, wa Dona Célia. Nikasimama kuusikiliza. Niliweka spika, nikainua simu kwa mkono wa kushoto kama kipaza sauti, na mkono wa kulia ukaanza kutafuta penseli ambayo sikuwa nayo. Kulikuwa na kelele za injini na watu wanaofungua mikanda.

"Nimetua," nikasema, sentensi moja nyuma yake. "Gurudumu limegusa ardhi nikawasha simu kabla hawajaturuhusu, mhudumu amenikaripia. Mimi ndiye meya. Nimempigia mkuu wa kikosi cha ubomoaji, nimemwambia malori yazime injini. Ameniuliza ni amri ya nani. Nimemwambia ni yangu."

Ukumbi ulisimama wote. Kuna aliyeanza kupiga ngoma ya kwaya juu ya shuka lake. Nimesema "mimi ndiye meya" kwa niaba ya watu wengi, karamuni, mikutanoni, kwenye mabasi ya watalii, na siku ile tu ndipo nilipoyasema maneno hayo kwa kupaza sauti.

Mama Furaha hakupiga makofi. "Na meza?" akauliza. "Umuulize, na meza?"

Nikauliza. Tukangoja, na ngoma ikanyamaza yenyewe. Jibu lilipokuja, sauti ilikuwa imeshuka.

"Walianza mapema kuliko walivyotangaza. Safu ya upande wa maji imekwisha kubomolewa. Zilizobaki zimebaki. Ninangoja ndege ya ndani, na nikifika nakwenda gatini moja kwa moja, sitafika nyumbani mpaka ile safu isimame tena. Huyo mama aliyeniuliza kiti nimemwachia nani, yuko hapo? Mwambie ameuliza swali ambalo nilitakiwa kujiuliza kabla sijafunga sanduku. Nilimjua yule mtu. Nilimjua, na nikasafiri."

Nilisema "nilimjua, na nikasafiri" nikimtazama Mama Furaha machoni, kwa sababu maneno yalikuwa yametumwa kwake. Aliyapokea. Alifuta makombo ya kitumbua kwenye kitenge, kisha akaniashiria nisogeze simu.

"Umwambie asitoke tena," akasema. "Ata aitwe na nani. Atabakia pale, achunge meza za batu. Shiye huku tutajichunga."

Nikarekodi. Sikuongeza neno, sikupunguza, wala sikulainisha. Jibu lilikuja limekatwa na tangazo la uwanja wa ndege, na lilikuwa fupi mno hata sikuhitaji kulingoja liishe: "Sitoki."

Safu ya upande wa maji ilisimama tena. Dona Célia alinitumia picha, amejifunga kilemba, ameshika nyundo vibaya. Makamu alibaki makamu mpaka muda wake ukaisha, kwani sheria haikumpa Dona Célia njia ya kumwondoa. Ilimpa njia moja tu, nayo ni kutompisha kwenye kiti.

Bi Thandeka alikosea kuhusu mwaliko. Ulitoka tena mwaka uliofuata, na uliofuata huo, na Dona Célia alipochaguliwa mara ya pili ulitoka mkubwa zaidi, wenye hoteli nzuri na safari ya kuona simba. Kila mara ofisi yetu ilinipigia kwanza mimi, kuniambia nijiandae, na kila mara nilichonga penseli zangu nikiogopa atakubali. Kisha jibu linakuja kwamba meya anashukuru, atatuma wahandisi. Wahandisi nikawaachia ninyi. Kumtafsiria Dona Célia ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kupewa, na kila mwaka nilipoambiwa nimeikosa, usiku wake nililala mpaka asubuhi.